Nyumba Namba Kumi na Nne, Ujiji

Nilikwenda Ujiji kutafuta jibu la swali moja: kwa nini akina mama waliovuka ziwa na kukaa mjini, badala ya kambini, hawafiki kliniki? Ilikuwa miaka ile ya vita vya ng'ambo. Boti zilishusha watu ufukweni mchana kweupe. Wengine walipelekwa kambini, wengine walipokelewa na jamaa zao wa Ujiji wakapotelea vichochoroni. Mimi nilikuwa mkunga niliyerudi chuoni kusomea afya ya jamii, na msimamizi wangu alinipa wiki tatu tu. Kwetu Njombe wananicheka kwamba hata kuni nazipanga kwa urefu. Basi nilifungasha madodoso yangu kwa mafungu, daftari la majina, penseli sita zilizochongwa, na paketi moja ya chaki nyeupe. Chaki ni ya kuandikia namba mlangoni, ili nyumba uliyokwisha kuihoji usiirudie. Ndivyo tulivyofundishwa, na wala sikuwahi kujiuliza mtu wa ndani anaionaje.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora safari ilikuwa ya kawaida, yaani vumbi, chai ya vituoni na treni kusimama porini bila mtu kueleza sababu. Kuanzia Kaliua nilikaa na mama mmoja mwenye mtoto, Muha wa Kasulu, tukala karanga zake na ndizi zangu. Tulipopita Uvinza akaniuliza Kigoma nakwenda kufanya nini. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba nakwenda kuandika watu. Yule mama akamvuta mtoto wake kwenye mapaja, akageukia dirishani, na hadi tunashuka hakunisemesha tena. Mimi nikadhani amechoka.

Kigoma tulifika asubuhi. Ukitoka stesheni unaliona ziwa hapo hapo, na milima ya ng'ambo imefichwa na ukungu, hivyo maji yanaonekana hayana mwisho. Nilipata lifti hadi Ujiji, barua zangu zikagongwa muhuri ofisi ya kata, nikapelekwa kwa Bi Zuhura, mjane aliyekuwa akinunua dagaa Kibirizi na kuuza sokoni Mwanga. Babu yake alikuja kutoka Manyema, ng'ambo, na nusu ya ukoo wake bado ulikuwa huko. Alinipa chumba cha mbele, akanitayarishia wali kwa migebuka, samaki wa ziwa lile, waliopikwa kwa mawese, akaniambia nijione niko nyumbani. Nilimpenda siku ile ile.

Jumanne nilianza kazi. Bi Zuhura alinitajia nyumba zenye wageni, maana kila mtu alizijua, nami nikaingia kwa hodi na barua yangu. Watu walikuwa wakarimu. Niliketishwa, nikapewa maji, nikajibiwa. Nikimaliza natoka, naandika namba mlangoni kwa chaki, nakwenda nyumba nyingine. Nyumba zisizo na wageni sikuziandika, kwa kuwa hazikunihusu.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa na chumba cha uani alimokaa mwanamke nitakayemwita Mapendo, ingawa jina lake ni jingine. Alikuwa na mimba iliyokwisha kutimia. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji huko kwao, na alinionyesha kovu, limeshonwa vibaya, limesimama wima chini ya kitovu. Mkunga yeyote akiona kovu la namna hiyo moyo unamwenda mbio. Nilimweleza bila kumficha: asisubiri uchungu, asizalie nyumbani, kovu linaweza kuachia akafa yeye na mtoto. Alinielewa. Tukaahidiana kwamba Alhamisi asubuhi nitampeleka hospitali mwenyewe. Alitabasamu, akanisindikiza mpaka mlangoni, akasimama nyuma yangu wakati naandika.

"Hii ni ya nini?" akauliza.

Nikamwambia ni ya kazi tu, ili nisipotee. Nilipogeuka kumuaga, mlango ulikuwa umefungwa, na sikuwa nimeusikia ukifungwa.

Jumatano, jua limeshachomoza, nilitoka nje na mswaki mdomoni nikakuta mlango wa Bi Zuhura umeandikwa 14. Nikacheka, nikadhani ni utani wa watoto. Kisha nikatazama nyumba ya pili. Nayo ilikuwa 14. Ya tatu ilikuwa 14. Nikatembea na ule mswaki hadi mwisho wa kichochoro, na kila mlango ulikuwa na namba ile ile, kwa chaki nyeupe, kwenye kimo kile kile ninachofikia mkono wangu. Nne yangu huwa naiandika wazi juu, kama kiti kilichopinduliwa, tabia niliyoipata shule ya msingi. Nne zote zilikuwa wazi juu. Kulikuwa na 14 kwenye gofu lisilo na paa. Kulikuwa na 14 kwenye mlango wa choo, na kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa mchangani. Nilirudi chumbani kuangalia paketi yangu. Chaki zote zilikuwemo.

Niliitafuta nyumba ya Mapendo kwa kukumbuka njia, nikaipata. Chumba cha uani kilikuwa kitupu. Mkeka haukuwapo, mtungi haukuwapo, na sakafu ilikuwa imefagiwa ikanyunyiziwa maji kama chumba kinachosubiri mpangaji. Lakini jivu la mafiga lilikuwa bado na moto. Mwenye nyumba, mama wa makamo ambaye jana tu alinipa kiti, aliniambia kwa upole kwamba hapo hajapata kukaa mtu. Nikamkumbusha kuhusu mimba, kovu, ahadi ya Alhamisi. Akarudia maneno yale yale, kwa upole ule ule, na macho yake yakawa yanatazama begani kwangu.

Mchana kutwa nilizunguka. Mtu wa Ujiji haachi hodi bila kuijibu, hata akiwa na homa kitandani atakuitikia karibu. Siku ile nilipiga hodi tatu tatu kwenye milango ambayo nyuma yake nilisikia mtu akihema. Kinu kilikuwa kikitwangwa mbele yangu, nikikaribia kinanyamaza, nikishapita kinaanza tena. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu walinijibu salamu vizuri, wote kwa pamoja, kisha wakainamisha vichwa. Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningepata nafuu. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo. Na zaidi ya kuogopa nilikuwa nahesabu siku za mimba ya Mapendo vidoleni kama mwendawazimu.

Alasiri nilimkuta Bi Zuhura uani anapepeta dagaa. Nilikaa chini mbele yake, nikamwambia kwamba kama anajua alipo yule mwanamke aniambie, maana uchungu ukianza hana muda. Alipepeta ungo mzima kwanza. Ndipo akanieleza kwamba huko wageni walikotoka, kabla ya kuuawa watu walikuja vijana wenye adabu, wenye karatasi, wakauliza majina na idadi ya watoto, wakashukuru, wakaweka alama mlangoni. Asubuhi yake nyumba zenye alama zilikuwa hazina mtu aliye hai. Mapendo alitoka nyumba ya namna hiyo, akapona kwa kuwa usiku ule alilala kwingine. Habari ya chaki yangu ilikwisha kuzunguka Ujiji kabla sijamaliza chakula changu cha jioni, na usiku huo, mimi nikiwa nimelala fofofo, watu wa mtaa walitoka na chaki za madrasa wakaandika kila mlango namba ya yule mwenye mimba, wakiiga hata nne yangu, ili atakayekuja asijue nyumba yake ni ipi.

"Hata huu wangu niliuandika mimi," alisema.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambiaje, mwanangu, na chaki umeshika wewe?"

Nilimwapia kwamba mimi si mtu wa namna hiyo. Akasema anajua, na ndiyo maana bado nalala kwake. Lakini Mapendo alipo hakujua. Walikubaliana kila mmoja ajue la mlango wake tu, ili hata akibanwa asiwe na la kusema. Nikamuuliza nifanye nini. Akaniambia aliyeandika ndiye anayefuta, kwa mkono wake, mchana, watu wakimwona, na daftari nalo aliache.

Alhamisi alfajiri ilipokucha nilichukua ndoo na tambara. Kwanza nilimkabidhi Bi Zuhura daftari la majina na madodoso niliyojaza, akavitia mafigani bila kuvifungua. Kisha nikaanza na mlango wake. Chaki kwenye mbao kavu haitoki kwa mara moja. Unasugua, inakuwa uji mweupe, unasuuza, unasugua tena. Nilifuta milango niliyoandika na ambayo sikuandika, nikafuta choo, nikafuta gofu. Hakuna aliyenisaidia, na hakuna aliyenizuia. Nyuma ya kila mlango niliofuta nilisikia komeo likiondolewa, taratibu, lakini mlango wenyewe haukufunguka. Nilipogeuka nyuma nikaona watu wamesimama kimya kando ya kuta, umbali wa nyumba mbili, na kila nikisogea nao wanasogea.

Adhuhuri ilinikuta karibu na ufuko. Zilibaki nyumba tatu. Nilipoweka tambara kwenye ya kwanza, mlango ukafunguliwa, na mkono wa mwanamke ukanishika kifundo ukanivuta ndani. Mapendo alikuwa amelala kwenye mkeka ule ule, ameng'ata upindo wa kanga asitoe sauti. Uchungu ulikuwa umemshika tangu usiku. Nilimgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao, na umbo lake halikuwa umbo ninalolijua. Watu wote waliokuwa nyuma yangu ghafla wakawa na sauti, mikono, na kitanda cha kumbebea. Gari lililobeba magunia ya dagaa likasimamishwa, magunia yakatupwa barabarani, tukampakia.

Hospitali walimpasua saa ile ile tuliyofika. Mfuko wa uzazi ulikuwa umeachia kwenye kovu. Mama alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima wa viungo, na hakuwa na uhai. Daktari aliniambia, bila kunilaumu maana hakujua, kwamba angeletwa jana wangetoka wote wawili. Nilienda nyuma ya jengo nikalia.

Ijumaa asubuhi nilikaa kando ya kitanda chake. Mikono yangu ilikuwa bado na weupe kwenye kucha. Nilimwomba radhi, maneno mengi, mengine ya kipumbavu. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anatazama dari. Akaja muuguzi wa wodi na kitabu kikubwa, akatafuta ukurasa, akauliza jina la mtoto na saa aliyozaliwa. Mapendo akanishika mkono, mara ya kwanza tangu tuonane.

"Huyu musimuandike," akasema.

Muuguzi alinitazama mimi. Nikamwomba kwa macho. Akafunga kitabu, akaenda kitanda kingine. Baadaye walichoandika sikujua na sikuuliza.

Mtoto alizikwa alasiri ile na wanawake wa kichochoro cha Bi Zuhura. Siku tatu baadaye nilipanda treni. Bi Zuhura alinifungia dagaa wa Kibirizi wa kupeleka Njombe, akanibusu kwenye paji la uso, akasema nikija tena nije kumsalimu yeye, nisije na kazi.

Dar es Salaam niliandika ripoti yangu kwa kichwa, bila daftari wala madodoso. Jibu la swali langu lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani: kliniki yetu inamwanzia mama dirishani, kwa mtu mwenye kitabu anayemuuliza jina, alikotoka na watoto alionao, na mkunga anakuja baada ya hapo. Wengi wa wale akina mama huko kwao walishajibu maswali hayo mara moja, wakaona yaliyofuata. Nilipendekeza mkunga akae mbele na kitabu kikae nyuma. Msimamizi wangu aliona hilo ni la utawala, si la utafiti, akalifuta kwa kalamu nyekundu. Alipofika kwenye jedwali la vifo vya uzazi na watoto wachanga akavuta miwani.

"Hakuna hata kimoja," akasema. "Hii ni habari njema."

Nikamwambia kipo, na mama yake amekataza kiandikwe. Akanitazama, akasema kwa huruma kwamba kisichoandikwa hakihesabiki. Nikasema najua. Jedwali likabaki na sifuri yake, na mimi nikafaulu.