Mkoba Uliobaki Mkuza

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo hainiachi nikae kitako harusini. Umeniona mwenyewe. Kila tukienda ukumbini nainuka, naketi, napekua pochi, nainuka tena, nanyi mnanicheka eti mama kakalia siafu. Chekeni tu. Lakini wiki ijayo wewe ndiye mpambe wa rafiki yako, basi leo nikwambie siafu hao walitoka wapi.

Rafiki yangu Rehema alikuwa mtu wa Kisarawe. Tulijuana kazini hapa Kibaha, wote makarani, tukapanga chumba kimoja. Rehema alikuwa na pumu. Siku za vumbi nilikuwa nikimwona anavyohangaika kuvuta pumzi, kwa hiyo nisije nikasema sikujua. Alipopata mchumba wa Dar akanichagua mimi kuwa mpambe wake, nami nikajiona nimeshika mbingu.

Siku mbili kabla ya harusi nilikwenda kwao Kisarawe. Shangazi yake, Bi Mwanahawa, ndiye aliyemlea. Alipokwisha kuitikia shikamoo yangu, akanikabidhi mkoba mdogo wa kitenge chekundu alioushona kwa mkono wake. Ndani mlikuwa na kichupa cha dawa ya kuvuta.

"Gauni la bibi harusi halina mfuko," akaniambia. "Mfuko wake ni wewe."

Nikaitikia upesi upesi, naam shangazi, huku mawazo yangu yote yako kwenye viatu vipya.

Siku yenyewe tulipambiwa saluni, Mkuza, hapa hapa Kibaha. Sikutulia hata kidogo. Mara nachungulia gari, mara namwita mpiga picha, mara nairudia lipstiki. Nikajitazama kwenye kioo: gauni la buluu, viatu vya kung'aa, na ule mkoba mwekundu umening'inia begani. Nikaona unaniharibia. Nikautundika nyuma ya mlango, nikajiambia nitauchukua tukitoka. Honi ikalia, tukatoka mbio, safari ya Dar.

Ukumbini tulipokewa kwa shangwe. Matarumbeta yanalia, vumbi linatimka, mawifi wamepanga mstari na vyetezo vya udi, moshi umetanda mlangoni kote. Nami nikaingia nikicheza, shingo upande. Tulipofika jukwaani Rehema akanivuta mkono.

"Nipe dawa," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka ule mlango wa saluni.

Nikajifanya natafuta chini ya kiti. Nikampepea, nikamfuta jasho, nikatabasamu kwa sababu kamera ilikuwa inatutazama. Bi Mwanahawa akaliona hilo, akapanda jukwaani.

"Mkoba uko wapi?"

Mwanangu, hapo ningeweza kusema kweli. Lakini nilitazama watu wote wale waliopendeza, nikaona haya. "Uko kwenye gari, shangazi."

Bwana harusi mwenyewe akatoka mbio na suti yake. Yeye na wenzake wakainua viti vya gari, wakatupa maua chini, wakapekua buti. Nami nimesimama palepale, najua hakuna kitu huko. Mabega ya Rehema yalikuwa yanapanda na kushuka, kucha zake zimezama mkononi mwangu. Hakuweza tena kusema. Akaniangalia tu, na kwa macho yale nikajua amenijua. Nilipata hofu ambayo sijawahi kuipata tena. Nikapiga magoti.

"Shangazi, umebaki Mkuza. Niliuacha mimi."

Hakunigusa. Alimnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. "Zimeni muziki! Mwanangu ana pumu, na dawa hatuna. Nani anayo?"

Akaja mpiga tarumbeta, punje za pilau bado mdomoni, akachomoa dawa mfukoni mwa sare yake. Sema wewe, mtu wa kupuliza tarumbeta kutwa nzima, naye ana pumu! Alikuwa amekaa mlangoni muda wote ule, hatua ishirini kutoka tulipo.

Rehema akavuta, akavuta tena, pumzi ikamrudia polepole. Watu wakapiga vigelegele, wengine wakilia. Bi Mwanahawa akaniita pembeni.

"Kusahau sikulaumu, hata mimi husahau," akasema. "Lakini dawa ilikuwa mlangoni, wewe ukatupeleka kwenye gari. Mficha uchi hazai, binti."

Rehema alinisamehe kabla hata keki haijakatwa. Mimi mwenyewe bado, ndiyo maana sikai.

Basi sikia, mwanangu. Gauni utavaa, na utapendeza, damu yetu haina ubaya. Lakini mpambe hakuwekwa pale kwa ajili ya picha. Atakachokukabidhi mwenzio kishike, hata kama hakiendani na nguo yako. Na ukikosea, maana utakosea tu, sema hapo hapo, kwa sauti, mbele ya watu hao hao unaowaonea haya. Aibu itakuchoma siku moja, ipite. Lakini ukinyamaza, mwenye dawa atamaliza pilau yake mlangoni bila kujua kwamba anahitajika.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe mkono usiosahau, na ukisahau, akupe ulimi usioogopa. Akuzeeshe salama, mwanangu, ukae kitako kwenye harusi za watu, ule, ucheke, usiinuke mpaka mwisho.