Marcelina na Mteremko wa Kina Adolf

Miaka ile wakimbizi walipovuka mpaka kwa makundi, vilima vya nyuma ya kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, vilinyolewa miti vikabaki upara. Ukiwauliza wanaume wa kijijini, walikujibu kwa uchungu kwamba ni wakimbizi. Marcelina alicheka puani kila aliposikia hivyo, maana aliwaona wanaume hao hao wakishuka na mizigo ya kuni kwenda kuwauzia wakimbizi. Aliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote, shemeji yake Adolf, ndiye aliyekuwa na shoka kali kuliko wote.

Marcelina alikuwa mjane. Mumewe Feliksi alipokufa kwa homa, Adolf, kaka mkubwa wa marehemu, alimwita uani akamwambia, "Shemeji, mteremko ule wa ukoo wetu endelea kuulima. Mahindi, maharage, mihogo. Ila mti usipande."

Kijiji kizima kilijua maana yake. Apandaye maharage ameazimwa ardhi. Apandaye mchikichi ameichukua, na mti ukishashika hata wazee wa ukoo hawamwondoi. Basi kila masika Marcelina alilima udongo ambao mvua iliusomba hadi ziwani, na kila masika Adolf alipita kukagua kama pameota chochote chenye shina. Alilikagua shamba la mjane kwa bidii ambayo shamba lake mwenyewe halikuwahi kuiona.

Ndipo ukaja mradi wa miti. Aikande, afisa misitu aliyehamishiwa Kigoma kutoka Same, aliwataka wanakijiji waunde kamati na waamue wenyewe wapande nini na wapi. Wakamchagua Adolf mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na koti. Adolf akasimama mkutanoni, akakohoa kama mbunge, akatangaza:

"Kila kaya ipande miti shambani mwake. Asiyepanda ni adui wa kijiji."

"Kila kaya, mwenyekiti?" Marcelina aliuliza kutoka walikoketi wanawake.

"Husikii, mama? Nimesema kila kaya."

"Nimesikia. Nilitaka na wenzangu wasikie."

Wanawake wakainamia khanga zao kuficha kicheko. Adolf alidhani wanamheshimu.

Marcelina akabeba miche ya michikichi na ya migrevilea, miti ya mbao na kuni, akaipanda kwa safu zilizokingama mteremkoni, mahindi yakibaki katikati. Adolf alipoiona alisahau hata kusalimia.

"Ng'oa."

"Ning'oe niwe adui wa kijiji?"

"Ile ilikuwa hotuba, shemeji."

"Basi rudi mkutanoni ukawaambie ulikuwa unahutubia tu."

Adolf alitweta. "Mradi ukiondoka nitaing'oa mwenyewe, na wewe utarudi kwenu Kasulu."

Neno hilo lilimchoma. Kasulu hakuwa na mtu tena. Wazazi walikwisha kufa, na shamba lao lilishagawanywa. Akipoteza mteremko ule, hana pa kupanda hata shina la muhogo. Akaendelea kupalilia miche yake, kwa kuwa hakuwa na la kufanya jingine.

Kamati nayo ilikuwa na shamba lake la mfano. Walipanda karibu na gati, ili wageni wakishuka kwenye boti walione bila kuchosha miguu. Kiangazi kikaingia. Mjumbe mmoja, Dismasi, akaonekana na ndoo ya maji, na papo hapo minong'ono ikaanza: Dismasi anajitwalia kiwanja. Maskini, akayamwaga maji njiani ili kujisafisha. Tangu hapo wajumbe, watu wazima wenye ndevu, walikaa kivulini wakichungana, asije mmoja akamwagilia mche na kuwa mwenye ardhi. Miche ikakauka yote. Kamati ikaridhika kwamba hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

Aikande aliporudi na wageni wa mradi, Adolf aliwapitisha gatini mbio mbio akiwaonyesha ziwa. Akawapandisha hadi kwa Marcelina, nusu ya kijiji ikifuata kwa tamaa ya soda, wazee wa ukoo wakiwamo.

"Hili ndilo shamba la kamati," alisema Adolf.

"Hongereni sana," alisema Aikande. "Na huyu mama?"

"Huyu hutusaidia kupalilia."

Marcelina aliinuka na jembe lake. "Mwenyekiti, kama hili ni la kamati, lile la gatini ni la nani? Wapeleke wageni wakalione."

Adolf akajifanya anafunga kifungo cha koti.

"Au waambie ulivyoagiza kila kaya ipande, nami nikatii. Hiyo nayo ni sifa yako."

Adolf akatazama chini gatini, akamtazama Aikande, akawatazama wazee. "Ni miti ya Marcelina," alinong'ona.

"Sema kwa nguvu, shemeji. Upepo wa ziwa unachukua maneno."

"Miti ni ya Marcelina. Aliipanda kwa agizo langu."

Wageni wakapiga makofi, wakidhani wamesikia kiongozi mnyenyekevu. Wazee wa ukoo hawakupiga. Walitazamana, kisha mkubwa wao akaitikia kwa kichwa polepole kumkubalia Marcelina, kwa kuwa walijua alichopewa.

Kesho yake Adolf alizunguka kijiji akieleza kwamba amemgawia shemeji yake ardhi kwa huruma. Marcelina alimwacha awaeleze wengi kadiri alivyotaka, akaenda kuchimba mashimo ya safu nyingine.