Gurudumu la Nyuma Lilitazama Kushoto

Nilirudi Sumbawanga na diploma ya ufundi wa magari, ya kwanza katika ukoo wetu, na sikusomeshwa na mtu. Nilijisomesha Dar es Salaam kwa kuosha magari ya watu, mpaka wenyewe wakaanza kuniachia niyatengeneze. Nikiwa bado chuoni nilinunua gari dogo, la zamani lakini zima. Nikalileta nyumbani, padri akalinyunyizia maji ya baraka, nikamwachia kaka yangu alitunze hadi nimalize.

Niliporudi nilifungua gereji mtaa wa Izia. Ukutani niliandikisha kwa rangi ya bluu: NDUGU WAWILI. Ndugu wa pili ni huyo kaka. Ufunguo wake wa gereji nilishauchongesha, nikawa natembea nao mfukoni nikisubiri siku nzuri ya kumkabidhi.

Miaka yote ya chuo, kila nilipopiga simu, mama alinipa habari za gari kama mtu anayeeleza habari za mjukuu.

"Linalala tu, mwanangu. Kuku wanataga chini yake."

Nilizipenda sana habari za wale kuku. Hata wenzangu bwenini niliwasimulia.

Jumapili ya kwanza nilimpakia mama kwenda misa. Kaka alisimama mlangoni akitupungia mkono. Baada ya misa nilishika barabara ya Laela kumwonyesha mama mwendo, na hapo nikahisi kitu. Ili gari liende moja kwa moja, nililazimika kuushika usukani umeinama kushoto. Kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu alinifikia akacheka.

"Mshikaji, gari lako linatembea kiubavu kama mbwa!"

Mafundi wengi hapa mjini wangekimbilia magurudumu ya mbele, wangeyapinda mpaka usukani unyooke, wakakurudishia gari na tairi likaendelea kuliwa. Mimi nilienda nyuma. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa na kashata nzuri, yale meno ya mpira, upande wa nje, lakini ndani lilikuwa limelika mpaka nyuzi zinaonekana. Nililitazama kwa muda mrefu. Gari linalolala halili tairi.

Mashine ya kupimia magurudumu sina, na siihitaji. Uzi unatosha, ukijua unachopima. Unaufunga ubavuni mwa gari, usawa wa katikati ya gurudumu, ukienda sambamba na bodi. Kisha unapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu hadi ukingo wa nyuma. Kazi hiyo inataka watu wawili. Nilimwita kaka. Alipofika nilichutama kidogo na kumpigia makofi ya salamu, kama mdogo anavyomsalimu mkubwa kwetu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, fundi diploma. Umesoma miaka yote hiyo kumbe kazi yenyewe ni ya fundi cherehani?"

"Shika uzi huo, usilegeze."

Gurudumu la kulia lilikuwa sawa. La kushoto, ukingo wake wa mbele ulikuwa umesogelea uzi. Lilikuwa linatazama nje, linavuta mkia wa gari kwenda kushoto, na ndiyo maana usukani ulikuwa unainama.

Kurekebisha ni kazi ndogo: chini kuna bolti yenye washa, kisahani cha chuma chenye alama; ukiizungusha bolti inasukuma mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Niliingia chini. Bolti ilikuwa imeshazungushwa hadi alama ya mwisho, na alama za meno ya spana zilikuwa bado zinang'aa juu yake. Mkono wenyewe ulikuwa umepakwa rangi nyeusi mpya, wakati kila kitu jirani yake kina kutu. Nikapitisha kidole. Chini ya rangi ulikuwa umepinda. Na kwenye kona ya chesesi alikuwa amenasa dagaa mkavu, macho yake yakiwa mazima.

Nilitoka nikamweka dagaa juu ya boneti.

"Kaka, hili gari lilifika wapi?"

"Lifike wapi? Si mama alikuambia?"

"Na huyu alikuja kwa miguu?"

Alicheka kwanza. Halafu akaanza kuukunja uzi ambao hakuna aliyemwambia aukunje.

"Wampembe, kule ziwani. Biashara ya dagaa tu. Lile teremko lina mawe, mdogo wangu."

"Mama alijua?"

"Mama ndiye aliyesema tusikuvuruge, una mitihani. Kuku ni wa kwake wale. Mimi sikuwahi kusema kuku."

"Kwamba umeligonga, alijua?"

Aliendelea kuukunja uzi. Mkono wa chuma unanunulika. Lakini alinitazama nikimpakia mama kwenye gari ambalo alijua limepinda nyuma, akatupungia mkono.

Nilipata mkono mwingine kwenye gari bovu lililokuwa likiuzwa vipuri. Nikaufunga, tukanyoosha uzi tena. Mimi nilikuwa chini nazungusha bolti, yeye ameshika rula. Kila nilipozungusha nilitoka, tukasukuma gari mbele na nyuma ili matairi yakae, kisha anapima.

"Bado... bado... hapo! Acha hapo hapo."

"Mbele inasemaje?"

"Imeingia ndani kidogo, kama ile ya kulia. Sawasawa kabisa."

Nilikaza bolti. Nikatoka, nikachukua rula mkononi mwake, nikachuchumaa nikapima mwenyewe, mbele na nyuma. Ilikuwa kama alivyosema. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama.

"Hata hilo huniamini?" akauliza.

Tulizima taa za gereji. Alisogea pembeni mwa mlango, chini ya maandishi ya bluu, akasubiri. Nilifunga kwa ufunguo wangu. Wa pili ulibaki mfukoni.