Mafuriko Yanayopitia Mkononi mwa Mahona

Saa kumi na mbili asubuhi. Mahona Limbu anashika gurudumu la lango la bwawa, nje kidogo ya Bariadi, na kulizungusha kwa mikono miwili. Halisogei. Analipaka mafuta ya kupikia.

"Grisi ililetwa mara ya mwisho kabla ya mageuzi ya uchumi," anasema. "Siku hizi kila kitu ni huria, hata kutu."

Bondeni, Justina Mayunga anangoja jibu la Mahona. Nyumba yake ilizolewa na maji Aprili iliyopita. Amefyatua matofali mengine. Je, ajenge palepale?

Zamani wazee walikuwa na jibu. Mto ulifurika karibu kila mwaka wa tatu, kwa hiyo walilima bondeni, wakalala mlimani. Bwawa lilipojengwa, ikapita miaka kumi na zaidi bila mafuriko. Wakubwa wakatangaza yamekwisha, wakagawa viwanja ukingoni. Wao hawalali huko.

Kumbe miaka ile lango lilikuwa na watu wanne, na lilifunguliwa kidogo kidogo mvua zikianza. Yakaja mambo ya kupunguza wafanyakazi, akabaki Mahona peke yake, na amri kwamba maji yasiachiwe mpaka ruhusa itoke mkoani. Aprili ile ruhusa ikafika bwawa limejaa pomoni.

"Nililifungua lote kwa mkupuo," anasema Mahona, macho chini. "Ukuta ungepasuka. Na nilijua Justina yuko pale."

Juzi alikuja mtaalamu, akauliza mafuriko hurudi baada ya miaka mingapi.

"Nikamwambia sijui. Zamani yalikuwa ya mvua tu. Sasa ni ya mvua, ya mkono wangu, na ya simu ya mkubwa. Utayahesabuje? Akacheka, akasema na yeye amekwama hapohapo."

Justina anapanda tuta, anamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Matofali yamekauka. Nijenge?"

"Mwangaluka, mayu. Mpunga panda. Nyumba ipeleke juu, kwenye mawe."

"Na maji ya kunywa utanipandishia wewe?"

"Nitakuazima punda."

Mwaka huu Mahona hangoji simu. Mvua ya kwanza ikinyesha, atafungua kidogo.

"Wakinifukuza, nitakuja kukufyatulia matofali."

"Wewe? Yatapinda yote," anasema Justina, na kuteremka.

Muda si mrefu anaonekana bondeni, matofali mawili kichwani, akielekea mlimani.