Miezi Kumi Bila Samaki Kwenye Mfereji

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo kila nikiikumbuka najishika shavu, ingawa miaka mingi imepita. Siku hiyo nilimtembeza mzee mwenye magoti mabovu kando ya mfereji kwa karibu saa nzima, nikimpeleka mahali ambapo nilimwambia nimevua samaki mkubwa. Yeye alikuwa anatembea huku anaimba. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimebeba fimbo zetu mbili za kuvulia na wavu, moyo umekufa ganzi, kwa sababu samaki huyo hakuwahi kuwepo.

Acha nikueleze tangu mwanzo. Najua utanijibu kwa Kiingereza, na unijibu tu, sitakasirika. Ila nisikilize kwa Kiswahili, kwa kuwa mambo haya yalinipata kwa Kiswahili.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimefika Birmingham kutoka Uvira, nikapata chumba juu ya duka la vitambaa pale Alum Rock, na kazi ya kufunga maboksi ghalani, kuanzia alfajiri hadi saa nane mchana. Nikitoka kazini sikutaka kurudi chumbani mapema, maana kilikuwa kimya mno, kwa hiyo nilitembea kando ya mfereji. Unaijua mifereji yetu ilivyo: maji ya rangi ya chai, bata wenye kelele, mashua ndefu nyembamba zilizochorwa maua. Alasiri moja nikasikia mtu anafoka kwa Kiswahili.

"Wee samaki mjinga! Umekula chambo yangu na hata asante hakuna!"

Nikageuka nikitafuta Mwafrika mwenzangu. Nikamwona Singasinga mzee, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe hadi kifuani, amekaa kwenye kiti cha kukunja na kuitazama ndoana yake tupu.

"Jambo, Papa," nikamwambia, kama tunavyomsalimu mtu mzima kwetu Kongo.

Karibu aangushe fimbo majini. "Wewe mama, umetoa wapi Kiswahili?"

"Uvira, Papa."

"Mimi ni wa Nakuru. Keti, keti! Hapa hakuna kiti kingine, lakini nyasi ni safi."

Ndivyo nilivyomfahamu Papa Balbir. Alizaliwa Nakuru, baba yake akiwa fundi wa reli, akaja huku akiwa kijana, akafanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha magari kule Washwood Heath. Wakati huo alikuwa amestaafu, anaishi Handsworth na mke wake, Mama Surinder. Yeye ndiye aliyenipeleka kukata leseni ya kuvua, na ndiye aliyenifundisha kurusha visamaki vya mpira vyenye ndoana tumboni na kuvivuta majini mpaka vionekane viko hai. Tuliyekuwa tunamfuata ni yule samaki wa mistari myeusi ubavuni na mapezi mekundu. Mimi nilimwita sangala mdogo, kwa kuwa ana mgongo wa miiba kama sangala wa ziwa letu. Papa Balbir alisema ni ndugu wa mbali wa besi, yule aliyekuwa akimvua Ziwa Naivasha enzi za ujana wake.

Kiangazi kile cha kwanza samaki walinipenda, mwanangu. Sijui niseme vipi tena. Nilirusha katikati ya mfereji, mbali kadiri mkono ulivyoweza, nikavuta, nikapata. Kila Jumamosi nilipata. Huku samaki wa mferejini unamshika, unamwangalia, unamrudisha majini, na nilipomweleza mama yangu kwa simu alinitaka nirudie.

"Unamuvua, unamuangalia, kisha unamurudisha mu maji?"

"Ndiyo, mama."

"Faida, uko na homa?"

Wanawake wa kikundi chetu cha maombi waliniita Mama Sangala, na jina lile lilinipanda kichwani. Nilianza kuwafundisha watu ambao hawakuniuliza. Nilimfundisha hata Papa Balbir! Yeye alitikisa kilemba chake na kusema, "Sawa, mwalimu."

Halafu, majani yalipoanza kudondoka, samaki wakakatika. Jumamosi ya kwanza nilisema ni upepo. Ya pili nikasema ni mashua, zinavuruga maji. Baridi ikaja, nikasema ni baridi. Baridi ikaondoka, maua yakachanua, watu wakaanza kutembea na mashati mepesi, na mimi bado sijagusa hata mkia. Miezi kumi, mwanangu. Nilinunua visamaki vya mpira vya kila rangi hadi mfuko ukawa kama sanduku la vipodozi. Nilivaa soksi zile zile nilizokuwa nimevaa siku nilipovua watatu. Niliomba, tena kwa sauti, na mpita njia mmoja akaniuliza kama nahitaji msaada. Nilirusha upesi zaidi, mbali zaidi, mara nyingi zaidi, mpaka bega likavimba.

Kilichoniharibikia zaidi kilikuwa kingine. Niliacha kusalimia watu. Wenye mbwa, wenye baiskeli, wote niliwaona ni maadui waliokuja kunifukuzia samaki. Nilianza kwenda peke yangu ili Papa Balbir asinione nikirudi mikono mitupu. Ile alasiri yangu tamu, iliyokuwa imeniokoa na ukimya wa chumba, ikageuka kazi ya pili, tena yenye msimamizi mkali kuliko wa ghalani. Msimamizi huyo nilikuwa mimi mwenyewe.

Mwezi wa Agosti Papa Balbir aliugua magoti, akakaa ndani wiki tatu. Nikaenda kumwona Handsworth. Nilimkuta amekaa dirishani, miguu juu ya mto, anatazama mabasi ya Soho Road kama mtu anayetazama maji. Mama Surinder akaniletea chai ya tangawizi.

"Haya, niambie," Papa Balbir akasema. "Mfereji unasemaje? Umepata?"

Uso wake ulikuwa na njaa ya habari njema. Nami nilikuwa nimechoka kusema hapana. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nimepata, Papa. Jumatano. Mkubwa kama mkono huu, hadi kiwiko. Kule kwenye daraja la matofali, nyuma ya maghala."

Mwanangu, mzee yule alisimama. Magoti yale yaliyokataa wiki tatu yalisimama! Alimwita mke wake kutoka jikoni, akamsimulia samaki wangu kwa Kipunjabi, na nikaona kwa mikono yake kwamba samaki amesharefuka kidogo. Alinishika mabega. "Miezi kumi! Nilijua! Nilimwambia huyu mama, Faida atapata. Jumamosi unanipeleka nikaone mahali pale."

Ningeweza kusema ukweli palepale. Chai ilikuwa bado ya moto, maneno machache tu yangetosha. Nikasema, "Sawa, Papa."

Basi Jumamosi ikafika, ndiyo ile niliyoanza nayo. Tulipumzika mara nne njiani. Kila tukipumzika alikuwa anasugua magoti na kunisifu. Tulipofika darajani akakunjua kiti, akaniuliza samaki alikuja kutoka upande gani, alivuta vipi, alipigana kwa muda gani. Nikajibu yote. Uongo una kazi nyingi. Ukishautoa mmoja unataka nguo, unataka chakula, unataka mahali pa kulala. Tukavua tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba. Hakuna kitu. Akanigeukia na kusema kwa upole, "Pole, mwanangu. Leo nimekuletea mkosi mimi."

Hapo sikuweza tena. Nikaweka fimbo chini.

"Papa, sikupata samaki. Jumatano sikupata. Hakuna samaki."

Alinitazama. Akatazama magoti yake. Akafungua chupa ya chai, akamimina kikombe kimoja, akanywa nusu polepole, akanipa nusu iliyobaki. Ndipo akasema.

"Faida, samaki hajakukosea. Yeye anakula wakati anataka. Lakini wewe umenikosea mimi. Ulifikiri mimi nataka samaki wako? Mimi nilitaka habari yako. Kama ungeniambia, Papa, nimechoka, ningechoka pamoja na wewe. Hiyo nafasi umeninyima."

Nililia, sitakuficha. Hakunibembeleza. Aliniacha nimalize, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani naye analia. Kumbe anacheka.

"Mimi pia," akasema. "Naivasha. Mwaka mzima bila besi hata mmoja. Nilisema mashua iko na mkosi, nikabadilisha mashua. Nikasema ni rafiki yangu anaongea sana, nikaacha kwenda na yeye. Rafiki mzuri kabisa! Mwishowe nilichoka kukasirika. Siku moja nikaenda bila fimbo. Nikanunua mahindi ya kuchoma, nikakaa tu, nikatazama. Kabla mahindi kuisha nikaona mahali wanakula. Wewe, mara ya mwisho kutazama haya maji ilikuwa lini?"

"Papa, niko hapa kila wiki."

"Uko hapa unayapiga. Nimeuliza kutazama."

Akachukua fimbo yangu, akaiweka nyuma ya kiti chake. Tukakaa. Kwa muda sikuona chochote isipokuwa uso wangu uliovimba. Halafu, karibu kabisa na ukuta wa matofali, chini ya vidole vya miguu yangu, maji yakarukaruka kama mtu ametupa kiganja cha mchele. Visamaki vidogo, vingi, vikikimbia kitu. Muda mfupi baadaye, tena. Palepale ukutani.

"Nani anawafukuza?" Papa Balbir akauliza, kama mwalimu anayejua jibu.

Miezi kumi nilikuwa nikirusha katikati, mbali kadiri nilivyoweza, kwa sababu samaki wangu wa kwanza alitoka katikati. Nao sangala walikuwa hapa, miguuni pangu, na mimi nikikanyaga juu ya vichwa vyao.

Ungependa nikuambie kwamba nilidondosha ndoana na nikapata palepale. Hapana. Siku ile hatukupata kitu. Magoti ya Papa Balbir yaligoma kabisa, nikaanza kuogopa, mpaka mashua moja ikapita taratibu na mwanamke aliyekuwa anaiendesha akamwona anavyojishika magoti. Akasogea ukingoni, akampandisha. Mimi nikatembea kando, maana mashua zile haziendi kasi kuliko mtu, na Papa Balbir akakaa mbele kati ya makopo ya maua akipungia mkono kila aliyepita, kama bwana harusi. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Nilikuwa sijacheka kando ya mfereji ule tangu majani yalipodondoka.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia wanawake wa kikundi kwamba Mama Sangala hajaona sangala tangu mwaka jana. Wakacheka, mmoja akaniletea maandazi ya kwenda nayo. Nikavua ukutani, polepole, na kisamaki kidogo cha mpira kisichozidi kidole. Sikupata, ila nilisalimia kila mtu. Jumamosi ya pili pia sikupata. Ya tatu, fimbo ikatetemeka kidogo tu, nikavuta, akatoka sangala mwenye urefu wa kidole changu cha kati. Mwanangu, nilipiga kelele mpaka mwendesha baiskeli akashuka. Nilimwonyesha. Akatazama kile kisamaki, akanitazama mimi na machozi yangu, akapiga makofi. Nikakimbia na matope yangu hadi kituo cha basi, nikaenda Handsworth, nikamwambia Papa Balbir, "Ni mdogo hivi," nikaonyesha kidole. Aliniamini mara moja. Akasimama tena, akamwita tena Mama Surinder, na safari hii samaki hakurefuka.

Wakubwa walikuja baadaye, katika mwezi wa Oktoba, na mmoja wao kweli alifika karibu na kiwiko. Papa Balbir mwenyewe ndiye aliyemkinga kwa wavu, akiwa amekaa kwenye kiti chake, akimtukana kwa lugha tatu kwa furaha. Mpaka leo yupo, ana miaka tisini kasoro, na bado anadai picha ya kila samaki.

Sasa, mwanangu, wewe huenda huvui. Huenda kwako ni mtihani, ni kazi unayoomba na hawakujibu, ni kitu ulichokuwa unakiweza jana na leo hakikutii. Nisikilize. Ukame ukikukuta, usijipige kwa kurudia lile lile kwa nguvu zaidi. Weka fimbo chini siku moja, ule kitu kitamu, utazame mambo yalivyo sasa, usiyatazame yalivyokuwa siku ulipobahatika. Usiache kusalimia watu. Aliyekupenda ukiwa na samaki mwambie ukiwa huna. Usimtungie uongo ili afurahi, maana utamchosha magoti bure na utabaki peke yako na shida yako. Na kidogo kikija, hata kama ni cha urefu wa kidole, kipigie kelele. Usikionee aibu kwa sababu uliwahi kupata kikubwa zaidi.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho karibu nawe, na mtu wa kumkimbilia siku njema na siku tupu. Mikono yako isikauke, kicheko chako kisikatike, na kila njia utakayoipita ukute amani imekutangulia. Amina, mwanangu.