Wageni wa Tiosav Siku ya Mtakatifu Petro

Zamani treni iliwaleta watu Borova Luka, kijiji cha milimani huko Serbia. Siku hizi inawapitisha tu, na wanaoshuka ni wale ambao treni imewaharibikia.

Tiosav Perišić aliyaona mabadiliko hayo yote bila kuhama. Tangu ujana wake alikuwa mkaguzi wa njia ya reli, akitembea kwa miguu kutoka handaki hadi daraja na kurudi, nyundo begani, akigonga vyuma na kusikiliza vinavyojibu. Alipostaafu, kazi yake haikupewa mtu. Wakaweka mashine, kisha wakaondoa mashine, wakabaki na matumaini. Nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na stesheni. Treni ikisimama, abiria wa behewa la mwisho angeweza kuchungulia sufuria yake na kujua anakula nini.

Kila kiangazi aliwaona wanafunzi wakipita. Vijana hawa hununua tiketi moja ya kuizunguka Ulaya nzima, wakalala Vienna, wakapiga mswaki Budapest, wakapiga picha Belgrade, kisha wakateremka milimani kuelekea bandari ya Bar. Ukiwauliza wameona nini, wanakupa simu utazame mwenyewe. Tiosav alikuwa akisimama kwenye ua wake na kuinua kofia, kama watu wa reli walivyoinuliana kofia tangu enzi. Nyuso za madirishani zilikuwa zimeinama.

Mwaka ninaousimulia, siku ya kumi na mbili ya Julai, Tiosav hakuwa na moyo wa kuinua chochote. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Petro, mtakatifu wa nyumba yake. Kila ukoo kule una wake, na mwana humrithi kwa baba kama anavyorithi jina. Siku hiyo huitwa slava. Mshumaa huwashwa asubuhi, mkate mkubwa huwekwa katikati ya meza, na mlango huachwa wazi. Jambo la kwanza analofundishwa mtoto kuhusu slava ni kwamba haialikwi. Hupeleki habari, hupigi simu. Anayekuja amekuja, na haulizwi kwa nini.

Tatizo ni kwamba ili usiitwe, lazima uwepo. Mwaka uliotangulia walikuja wawili. Mmoja alizikwa kabla ya theluji kuyeyuka, na mwingine binti yake alimchukua kwenda kuishi naye mjini Čačak, ghorofa ya sita, ambako mzee hujua majira kwa kutazama nguo za wapita njia.

"Piga simu basi," alisema Milunka, mjane wa nyumba ya pili, aliyekuwa akiukanda ule mkate kila mwaka tangu mke wa Tiosav alipofariki. "Mpigie padri, mpigie hata yule mwizi wa kuni. Utakufa na kiburi chako, jirani."

"Slava haialikwi, Milunka."

"Haialikwi, haialikwi! Petro mwenyewe angeshapiga simu zamani."

"Petro alimkana bwana wake mara tatu. Usinichagulie mfano mbaya."

Milunka alikuwa na sababu ya kukasirika. Tiosav alikuwa amemwambia mwanawe Radiša, anayeendesha lori la bia huko Graz, Austria, neno ambalo mzee wa aina yake halisemi mara mbili: mwaka huu mkate usipovunjwa, nauzima mshumaa kwa divai, nafunga nyumba, nakuja kwako. Radiša alifurahi. Alikwisha kununua kitanda. Naye Milunka alifanya hesabu yake, akaona kwamba Tiosav akiondoka, moshi wa bomba utakaobaki Borova Luka ni wa kwake tu.

Na mkate haukuweza kuvunjwa na wao wawili. Katika ukoo wa Perišić mwenye nyumba hushika upande mmoja na mgeni upande wa pili, na mkono uliokanda hauvunji. Hivyo ndivyo alivyokuta, na hakuwa mtu wa kupinda sheria kwa sababu tu hakuna anayemwona.

Basi alivaa suti yake, akafunga tai, akaweka kitambaa cheupe mkononi na kusimama kando ya meza iliyotandikwa uani, chini ya mizabibu. Mwenye nyumba haketi siku ya slava. Yeye ni mtumishi wa mtakatifu mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Mwanakondoo alikuwa ameiva. Sahani zilikuwa zinang'aa. Jua lilipanda, na Tiosav akasimama akiulinda mkate usituliwe na nzi.

Treni ya mchana ikaja kutoka kaskazini, ikakohoa, ikasimama. Kichwa chake kilikufa palepale stesheni, kama kilivyozoea. Kondakta akapita mabehewa akipaza sauti kwamba wanangoja kichwa kingine kutoka Užice, hivyo watu wanyooshe miguu, honi itawaita. Wenyeji wa njia ile walifungua vikapu vyao wakaanza kula. Wenye simu walizitazama simu zao, wakakuta milima imekwisha kuzila alama zote za mtandao.

Ndipo vijana watatu wenye mabegi ya mgongoni walipoingia getini.

Mbele alikuwa Jagna, msichana wa Poland mwenye nywele fupi. Nyuma yake Femke, Mholanzi mrefu kama nguzo ya umeme, na Duarte, kijana Mreno ambaye pua yake ilishamtangulia kwa mwanakondoo. Waliona geti wazi, meza ndefu, vitambaa vyeupe, na mzee mwenye tai amesimama na taulo mkononi. Wakafanya kosa ambalo mwanafunzi yeyote mwenye njaa angelifanya. Waliketi, na Duarte akainua kidole.

"Menyu, tafadhali?"

Milunka alitoa kichwa dirishani mwa jiko. "Tiosav! Wanadhani ni mgahawa!"

"Nyamaza."

"Wanadhani wewe ni mhudumu, maskini ya Mungu!"

"Na mimi ni nani leo? Leta ngano."

Ngano ya slava, iliyochemshwa na kusagwa pamoja na sukari na njugu za jozi, huliwa kijiko kimoja kabla ya kitu kingine chochote. Tiosav alimpitishia kila mmoja. Duarte alichukua vijiko vitano, akafikiri ni kitindamlo kilichokosea zamu. Kisha vikaja vikombe vidogo vya pombe kali ya plamu. Femke alikunywa, machozi yakamtoka, akasema neno la kwao ambalo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

"Huyu mrefu anakufa," alisema Milunka, akiweka supu mezani.

"Hafi. Anazaliwa," alisema Tiosav.

Ikaja supu, ikaja kabichi iliyoviringishwa nyama, ikaja na nyama yenyewe. Kila sahani ilipopungua ilijazwa. Vijana walianza kutazamana. Jagna, ambaye Kipolandi chake na Kiserbia ni ndugu waliogombana lakini bado wanasalimiana, aliweka mkono juu ya sahani yake.

"Babu, hatukuagiza vyote hivi."

"Hamkuagiza," alikubali Tiosav, akamjazia.

"Keti na wewe basi. Umesimama tangu tuje."

"Nikiketi leo, babu yangu atainuka."

Walicheka, ingawa ni Jagna tu aliyeelewa. Tiosav naye midomo ilimcheza. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mkate. Usiku kucha alijiuliza kama atakuja mtu. Hakuwahi kujiuliza kama atakayekuja atakuwa Mreno. Sheria ilisema mgeni. Haikusema mgeni awe amebatizwa wapi, wala awe anajua yuko wapi. Aliitafuta sheria ile kichwani, kona kwa kona, kama alivyokuwa akitafuta ufa kwenye chuma, hakuona ufa.

Akaumwagia mkate divai kwa alama ya msalaba, akaushika kwa mikono miwili na kuuelekeza kwa Duarte.

"Shika."

"Mimi?" Duarte alifuta mikono yake kwenye suruali. "Nifanye nini?"

"Nyote mshike," alisema Jagna polepole, kwa kuwa kitu fulani usoni mwa mzee kilikuwa kimemfikia. "Shikeni tu, msicheke."

Waliuzungusha pamoja, mkate mmoja na mikono minane, wakielekea huku na huku wakigongana viwiko. Tiosav alisoma maneno aliyoyasikia kwa baba yake, kwa sauti ya chini. Kisha wakavuta. Duarte, aliyedhani ni mashindano, alivuta kwa nguvu za mtu aliyekula vizuri, na nusu ya mkate ikatoka naye mpaka akakaa chini kwenye nyasi, ameukumbatia kifuani.

Hapo Tiosav akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Milunka hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu Desanka, mkewe, alipokuwa hai, na alirudi jikoni haraka kana kwamba kuna kitu kinaungua.

Honi ikalia. Kichwa kipya kilikuwa kimefika. Vijana wakaruka, wakanyakua mabegi, na Duarte akachomoa kadi ya benki akamnyooshea Tiosav. Tiosav aliitazama ile kadi, mbele na nyuma, akamrudishia.

"Anataka kumlipa Mtakatifu Petro kwa kadi!" Milunka alipiga kelele. "Mwambieni Petro hana mashine!"

Hapo ndipo Jagna alipogeuka kuangalia mshumaa unaowaka mchana kweupe, picha ya mtakatifu iliyotundikwa ukutani, viti vingi vitupu, na tai ya mzee. Akaweka mkono mdomoni.

"Babu. Hapa si mgahawa."

"Si mgahawa."

"Hii ni nyumba yako. Tumeingia tu nyumbani kwako, tumeketi, tumeomba menyu." Uso ulimwiva. "Tusamehe. Kwa nini hukutufukuza?"

"Nimfukuze nani, mwanangu? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kimbieni, treni haina slava."

Aliwasindikiza mpaka stesheni, na Milunka nyuma yao na nyama iliyofungwa kwenye karatasi. Femke aliinama kutoka juu kule akambusu Tiosav mara tatu, kama ilivyo desturi ya kwao, na ikatokea kuwa ndiyo desturi ya huku pia. Tiosav alitaka kusema jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa limekatazwa. Milunka alilisema badala yake.

"Mwakani mje kabla supu haijapoa!"

"Milunka! Haialikwi!"

"Mimi si Perišić. Naalika nimtakaye."

Tiosav alikohoa. Akamgeukia Jagna, akatazama pembeni kama anayezungumzia hali ya hewa. "Tarehe kumi na mbili ya Julai," alisema. "Huwa haihami. Hata ikinyesha. Nakwambia tu, kama habari."

"Nimesikia, babu," alisema Jagna. "Kama habari."

Jioni ile alimpigia Radiša simu, akamwambia kile kitanda ampe mtu mwenye mgongo mbovu.

"Nani amekuja?" Radiša aliuliza.

"Mpolandi, Mholanzi na Mreno."

"Baba, umekunywa."

"Nimekunywa. Na Mreno ameuvunja mkate wa babu yako kwa nguvu kuliko wewe ulivyowahi kuuvunja."

Neno hilo lilimwingia Radiša kama mwiba. Mwaka uliofuata, asubuhi ya Mtakatifu Petro, gari lenye namba za Graz lilisimama getini, na Radiša akashuka na mkewe na binti zake, akisema walikuwa wanapita tu, ingawa Borova Luka haiko njiani kwenda popote. Mchana, Jagna na Duarte walishuka kwenye treni ambayo, kwa mara ya kwanza katika historia yake, haikuwa imeharibika. Kondakta alibishana nao, akidhani wamekosea stesheni. Mwaka wa baadaye Femke naye alikuja, na wanafunzi wengine wawili wasiojulikana na mtu, waliosikia habari ndani ya behewa la kwenda Bar. Kiburi cha Radiša kikawa kikubwa kuliko cha baba yake: alianza kusimama na kitambaa mkononi kabla hajaambiwa.

Sisemi kijiji kilifufuka. Shule bado ina kufuli, na treni ya mchana wamekwisha kuipunguza mpaka ikawa ya kiangazi tu. Vijana nao ni vijana. Huhitimu, huoa na kuolewa, hupata kazi ambazo likizo zake haziangukii siku ya mtakatifu wa mtu.

Mara ya mwisho Tiosav aliwaona wale watatu pamoja ilikuwa ni mwaka huo wa tatu, alasiri, pale stesheni. Duarte alikuwa amening'inia dirishani nusu mwili, Femke akimshika mkanda asianguke, na Jagna akisema kitu ambacho magurudumu yalikimeza. Desturi ya mtu wa reli ni kusimama mpaka behewa la mwisho liingie handakini, na Tiosav hakuwahi kuivunja maisha yake yote. Siku hiyo aliinua kofia mara moja tu, akageuka treni ikiwa bado inaonekana. Radiša alikuwa anamwita kutoka uani: watu wa kijiji cha juu wameteremka, viti havitoshi, na supu inapoa.