Chungu cha Wenyewe

Juzi hapa Kakuma, jirani yangu Nyandeng alinionyesha sarafu ya nchi fulani ya Amerika Kusini, aliyotumiwa na kaka yake. Imechorwa chungu cha watu walioishi huko kabla Wazungu hawajafika. Nilipokiona, nikasikia harufu ya mchanga uliolowa.

Alasiri moja ya ukame, nilipokuwa mtoto, mimi na nyanya tulikuwa tunachimba maji kwenye mto Kerio uliokauka. Mkono wangu ukagusa chungu cheusi chenye mistari shingoni.

"Kirudishe," nyanya alisema. "Kina wenyewe."

"Wako wapi?"

"Walienda."

Leo najua walikufa kabla mto haujapata jina hilo. Siku ile nilidhani wamepeleka mbuzi malishoni. Nikakijaza yale maji machache tuliyoyapata, nikakaa kuwangoja. Nyanya aliyatazama, akameza mate, hakunigombeza.

Ukame ule ule ulimchukua. Nilipomuuliza mama, alisema, "Ameenda." Basi nikajaza kibuyu cha nyanya maji, nikakiweka mlangoni.

Mama hakuruhusu hata tone limwagike nyumbani kwetu. Lakini kibuyu kile alikipita kila asubuhi bila kukigusa, mpaka kikakauka.